Ukikiri Kosa, Ni Lazima Uache na Rufaa?

Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 25:6-12, Yoshua 7:19-22, 2 Samweli 1:1-16

Wiki hii naomba tutulie kidogo kwa jambo ambalo halizungumzwi sana madhabahuni, ingawa limeingia katika nyumba zetu nyingi. Katika ushirika wa ukubwa wetu hakukosi mtu aliye na kesi. Kuna mama anayepanda matatu kila wiki kwenda rumande kumwona mwanawe. Kuna ndugu aliye nje kwa bondi, anaimba nasi kwaya, na tarehe ya korti ameiweka kwa simu asiisahau. Watu hawa wakija ofisini huwa hawaniulizi kama Mungu husamehe. Jibu la hilo wanalo. Wanauliza hivi: "Pasta, nikikubali makosa mbele ya hakimu, ndio basi? Sitasikizwa tena?"

Hilo ni swali la sheria, lakini ni swali la dhamiri pia. Mimi si wakili. Nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na mambo ya mikataba ndiyo niliyofundishwa. Lakini swali hili limenifuata mara nyingi mpaka nikaona ni vizuri tulichambue pamoja, polepole.

Sheria yetu inasema nini

Mwaka wa 2008 sheria ya mwenendo wa kesi za jinai hapa Kenya iliongezewa vifungu vya 137A hadi 137O. Vifungu hivyo vinaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kukaa na kukubaliana. Mshtakiwa anakiri. Kiongozi wa mashtaka naye anaweza kupunguza shtaka liwe dogo zaidi, kuliondoa, au kuahidi kwamba mashtaka mengine hayatafuatiliwa. Mlalamishi anaweza kupata fidia katika mapatano hayo hayo. Yote yanaandikwa, mshtakiwa anaelezwa kwa lugha anayoielewa, kisha yanatiwa saini. Makosa ya ngono hayaingii katika mpango huu.

Kabla ya kuyapokea makubaliano hayo, korti inapaswa kumtajia mshtakiwa kile anachokiacha. Anaacha haki ya kukana. Anaacha haki ya kunyamaza na kuuacha upande wa mashtaka uthibitishe wenyewe. Anaacha haki ya kesi kusikizwa hadi mwisho. Na anaacha haki ya kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa wa adhabu ama uhalali wake.

Na usidhani ni wenye makubaliano ya maandishi tu. Kifungu cha 348 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba aliyekiri katika korti ya hakimu, akahukumiwa kwa kukiri huko, hana rufaa ya kupinga hatia yake. Amebakiwa na rufaa ya adhabu peke yake. Kwa hivyo yule kijana anayesimama kizimbani Jumatatu asubuhi, hajalala, ana njaa, akajibu "ni kweli" ili mambo yaishe, amefunga mlango mkubwa kwa maneno mawili.

Kuna madirisha yaliyoachwa wazi. Aliyeingia katika makubaliano kwa kudanganywa, kwa kutishwa, au kwa kupewa maelezo yasiyo ya kweli anaweza kurudi katika korti ile ile iliyompa adhabu na kuomba itenguliwe. Na tangu kesi ya Adan ya mwaka wa 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, majaji wamesisitiza jinsi mtu anavyopaswa kukirishwa. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoifahamu. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha maelezo ya tukio yasomwe, naye aulizwe kama anayakubali. Akisema jambo linaloonyesha hakubali, iandikwe kwamba amekana, na kesi isikizwe. Hatua hizo zisipofuatwa, korti ya juu inaweza kusema kwamba huko hakukuwa kukiri.

Nchi nyingine zimekwenda mbali kuliko sisi. Marekani ndiko mapatano ya namna hii yamekomaa. Mwaka wa 2012, katika kesi ya Missouri v. Frye, Mahakama ya Juu ya huko ilieleza kwamba asilimia 97 ya hatia katika korti za serikali kuu, na asilimia 94 katika korti za majimbo, zilitokana na watu kukiri. Kati ya watu mia waliopatikana na hatia katika zile korti za serikali kuu, watatu tu ndio kesi zao zilisikizwa hadi mwisho. Na katika mapatano mengi ya huko mtu anaacha hata rufaa ya adhabu, wakati adhabu yenyewe haijatajwa. Anasaini leo kwamba hatalalamikia jambo ambalo hakimu ataliamua miezi kadhaa ijayo. Kanuni zao zinamtaka hakimu amweleze mshtakiwa kipengele hicho ana kwa ana. Mwaka wa 2019, katika kesi ya Garza v. Idaho, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba hakuna karatasi ya namna hiyo inayofunga kila kitu, na kwamba wakili aliyeagizwa na mteja wake apeleke rufaa ana wajibu wa kuipeleka hata kama mteja alisaini kuiacha.

Hiyo ndiyo hali ya sheria. Sasa tuje kwa swali letu: je, ni haki kumwomba mtu aache rufaa kama sehemu ya bei ya kukiri? Na je, ni sawa mtu wa Mungu kukubali?

Wanaotetea wana hoja

Sitaki kuwadharau wanaosema ndiyo. Kama mtu wa biashara naielewa hoja yao, na ina nguvu.

Wanasema, mkataba usio na mwisho si mkataba. Mimi nikikuuzia shamba, halafu mwaka ujao nirudi na kesi juu ya shamba hilo hilo, ulinunua nini? Upande wa mashtaka unapopunguza shtaka, unanunua utulivu. Mashahidi hawataitwa. Faili inafungwa. Ukiondoa utulivu huo, hakuna sababu ya wao kupunguza chochote, na atakayeumia ni mshtakiwa mwenyewe.

Wanasema pia kuna mlalamishi. Mama aliyeibiwa ng'ombe anataka kulala akijua mambo yamekwisha. Kila rufaa inamrudisha korti, inamkumbusha, inamlia nauli.

Na sisi wa kanisani tunaongeza letu. Zaburi ya 15 inamsifu mtu aliyeapa kwa hasara yake na asirudi nyuma. Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeungama na kuacha, si kwa anayeungama na kutafuta mlango wa nyuma. Kwa hivyo wengi wetu tukisikia ndugu fulani alikiri na sasa anataka rufaa, moyoni tunasema: huyu hakutubu.

Hoja hizo zingetosha kama kwenye karatasi kungekuwa na kitu kimoja tu kinachoachwa. Lakini viko viwili.

Makosa mawili katika mfuko mmoja

Ninapokiri, nasema habari ya kosa langu. Nililitenda, nalijua, hakuna anayelijua kuniliko. Nikiacha haki ya kubishana juu ya kosa hilo, sijapoteza kitu cha haki. Nilikuwa nabisha nini, na ni kweli?

Lakini rufaa haiko kwa sababu ya makosa ya mshtakiwa peke yake. Iko kwa sababu korti pia ni watu. Hakimu anaweza kukosea sheria. Mkalimani anaweza kugeuza neno. Anayeandika shtaka anaweza kuweka kifungu kisichofaa. Katiba yetu, kifungu cha 50, inaihesabu rufaa kuwa sehemu ya haki ya kusikizwa, kwa sababu waliotunga walijua kwamba meza yoyote wanayokaa binadamu inahitaji meza nyingine ya kuiangalia. Hata Yethro alipomshauri Musa katika Kutoka 18, alipanga waamuzi wa ngazi mbalimbali, na kesi ngumu zipande juu.

Kwa hivyo mtu anapoacha rufaa, hasemi tu, "Nimekosa." Anasema pia, "Na ninyi mkinikosea, nimewasamehe mapema." La kwanza ni toba. La pili si toba. Siwezi kukiri kosa ambalo sikulitenda mimi, tena ambalo bado halijatendeka.

Madukani tunaona kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kina maana yake. Huwezi kununua viatu, uvivae harusini, halafu urudi Jumatatu unataka pesa. Lakini kama kiatu kilikuwa kibovu tangu kiwandani, Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara ya kasoro. Kubadilisha nia ni jambo moja, na kuuziwa kitu kibovu ni jambo lingine. Ikiwa tunamlinda mnunuzi wa viatu hivyo, mtu anayeuza miaka ya maisha yake tunamlinda namna gani?

Hapa naona sheria ya Kenya imefanya busara kidogo kuliko mapatano mengi ya Marekani. Imeacha adhabu iweze kuangaliwa juu. Kosa ulilokiri halirudiwi, lakini kile korti itakachokufanyia baadaye kinaweza kupimwa.

Akani na Mwamaleki

Biblia ina watu wawili waliokiri kwa vinywa vyao, na ningependa tuwaweke kando kwa kando.

Wa kwanza ni Akani. Yoshua alimwita mwanangu, akamsihi aungame asifiche. Akani akataja vitu kimoja kimoja: vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, kabari ya dhahabu ya uzani wa shekeli 50. Akataja na mahali: ardhini, katikati ya hema yake, fedha ikiwa chini. Kukiri kwa namna gani tena unataka? Lakini mstari wa 22 tunaupita haraka. Yoshua alituma wajumbe. Wakapiga mbio mpaka hemani, wakakuta vitu viko vile alivyosema. Mtu amekiri mbele ya taifa zima, na bado kiongozi anahakikisha.

Wa pili ni yule kijana Mwamaleki katika 2 Samweli 1. Anafika kwa Daudi na taji la Sauli na kikuku chake, anasema ndiye aliyemmalizia mfalme. Ukirudi ukurasa mmoja nyuma, 1 Samweli 31:4, unaona Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe. Kumbe kijana alikiri jambo ambalo hakulifanya. Kwa nini? Alipiga hesabu. Aliona kwamba neno hilo lingemletea zawadi kwa mfalme mpya. Daudi alimhukumu kwa ushuhuda wa kinywa chake, na hakuna mjumbe tunayesoma kwamba alitumwa kuuliza Gilboa kulitokea nini. Kijana alikufa siku ile ile.

Watu wengi husema, "Hakuna mtu mwenye akili anayekiri asichokifanya." Mwamaleki alikuwa na akili sana. Tatizo lake lilikuwa bei. Mtu akiwekewa faida ya kutosha upande mmoja na hofu ya kutosha upande wa pili, kinywa chake kinaweza kusema lolote. Ndiyo maana kukiri peke yake si mwisho wa ukweli, na ndiyo maana mlango wa kuhakikisha usifungwe kabisa.

Dengu za Esau

Tunamlaumu Esau kwa kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Ni kweli alikosa. Lakini soma tena Mwanzo 25 uangalie muuzaji alikuwa katika hali gani: ametoka porini, amechoka, anasema yuko karibu kufa. Na Yakobo hakumpa chakula kwanza. Alimwapisha kwanza. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na Yakobo alilijua hilo vizuri sana.

Katika darasa la biashara tulifundishwa kwamba makubaliano ni ya haki pande mbili zikiwa na uwezo wa kuondoka mezani. Sasa niambie, mtu aliye rumande, ameshindwa na bondi, kibarua kimekwenda, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, anaondoka mezani aende wapi? Akikataa makubaliano, anarudi kwa ile seli kungoja tarehe nyingine. Mwenye bondi anaweza kusoma karatasi mara tatu na kuuliza wakili wake. Asiye nayo anasoma neno moja tu: nyumbani.

Hapa niwaeleze habari ya mama mmoja wa ushirika wetu, kwa ruhusa yake. Alikuja baada ya ibada ya katikati ya wiki. Mwanawe alikuwa karani wa stoo katika duka la jumla. Hesabu ya mali ilipofanywa, katoni 40 za mafuta ya kupikia hazikuonekana. Alishtakiwa kwa wizi wa mfanyakazi, kosa lenye kifungo cha hadi miaka saba. Kisha likaja pendekezo: akiri wizi wa kawaida, ambao mwisho wake ni miaka mitatu, alipe fidia, na upande wa mashtaka hautapinga kifungo cha nje.

"Mama, kijana anasemaje? Alichukua?"

"Alichukua, Pasta. Hakunificha. Katoni tatu."

"Na karatasi inasema ngapi?"

"Arobaini."

Tukanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Si bora akubali tu hizo arobaini atoke? Mungu anajua ni tatu."

Wapendwa, sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kuhubiri ukweli kwa mtu ambaye mtoto wake hayuko ndani. Lakini nilimwambia mambo mawili. La kwanza, akikubali arobaini, atakuwa amesema uongo wa 37 mbele ya korti, na baada ya saini hiyo hatakuwa na rufaa ya kuurekebisha. La pili, yule aliyechukua hizo 37 bado yuko kwenye ile stoo. Faili ikifungwa na jina la mwanao, imefungwa na kwa huyo mwingine pia. Mwenye duka ataambiwa mwizi amepatikana, na ataendelea kuibiwa.

Sikumwambia kijana asaini wala asisaini. Nilimwambia mama amwombe wakili wa msaada wa sheria aliyempata ajaribu kubadilisha maelezo ya tukio, kwa sababu sheria inataka makubaliano yataje ukweli wa jambo lilivyokuwa. Upande wa mashtaka ulikataa mara ya kwanza. Kijana alikaa rumande miezi miwili zaidi kwa sababu ya tarakimu moja kwenye karatasi. Mama yake alilia mbele yangu, na sikumlaumu. Mwishowe iliandikwa tatu, na fidia ya tatu. Akasaini. Akapewa kifungo cha nje.

Mkiuliza kama aliacha rufaa yake ya kupinga hatia, ndiyo, aliiacha. Na safari hii sikuona shida, kwa sababu hakukuwa na kitu cha uongo kilichobaki nyuma ya ule mlango. Angekata rufaa ya nini?

Paulo alilipa bei

Hapo ndipo namwelewa Paulo katika Matendo 25. Alikuwa amekaa kifungoni miaka miwili chini ya Feliki, ambaye sura ya 24 inasema alitumaini kupewa rushwa. Anakuja Festo, anataka kuwapendeza wakuu wa Wayahudi, anamwuliza kama atakubali kwenda Yerusalemu. Ilikuwa nafasi ya kukubali tu ili mambo yaende.

Jibu la Paulo lina sehemu mbili, na hakuziacha zitengane. Alisema kwamba ikiwa ametenda jambo la kustahili kufa, hakimbii kifo. Hiyo ni nusu ya kwanza: yuko tayari kubeba kosa lake. Halafu akasema kwamba ikiwa hakuna ukweli katika mashtaka yao, hakuna awezaye kumtoa kwao, na akaomba Kaisari. Hiyo ni nusu ya pili: kosa la korti halibebi. Mtu yule yule, katika pumzi ile ile, ananyenyekea kwa haki na anakataa uonevu. Kwa hivyo tusiseme tena kwamba anayekata rufaa ana kiburi.

Lakini tusidanganyane kwamba rufaa ni bure. Mwisho wa sura ya 26 Agripa anamwambia Festo kwamba mtu huyu angeweza kufunguliwa kama asingeomba Kaisari. Rufaa ile ilimgharimu Paulo uhuru, bahari, kuvunjikiwa na merikebu Malta, na miaka mingine miwili ya kulindwa Rumi. Kama ningekuwa mshauri wake wa biashara, pengine ningemwambia haina faida. Yeye aliona kuna kitu ambacho hakiingii kwenye hesabu ya faida na hasara.

Kwa hivyo, tuseme nini?

Kwa swali la kwanza, kama ni haki kumwomba mtu aache rufaa, jibu langu ni hili. Ni haki kumwomba aache kubishana juu ya kile alichokitenda na kukikiri kwa akili timamu, akiwa ameelezwa. Si haki kumwomba aache mlango wa kusema kwamba alitishwa, hakuelewa, wakili wake alimwacha, ama korti ilipita mipaka ya sheria. Mlango huo haukuwa wake peke yake hata auuze. Ni wa jamii nzima, maana ndio tunaojulia kama korti zetu zinatenda haki.

Kwa swali la pili, kama ni sawa mtu wa Mungu kusaini, nasema ni sawa ikiwa kila mstari uliomo ni kweli. Na aliyesaini kweli, akapata alichoahidiwa, halafu akatafuta rufaa ya kujifanya hakutenda, huyo anavunja neno lake. Lakini aliyesaini jambo ambalo si kweli kwa sababu ya hofu, akarudi kulisahihisha, tusimwite mwongo. Anajaribu kuacha uongo.

Na sisi kama kanisa tuna kazi. Mtu wetu akikamatwa, tuwahi kabla hajajibu mashtaka, si baada ya hukumu na maombi ya kufunga. Tumwambie ana haki ya mkalimani bila malipo. Tumwambie anaweza kuomba nafasi ya kuzungumza na wakili, na kwamba ipo huduma ya taifa ya msaada wa sheria chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Tumwambie asikize maelezo yote yakisomwa, na kama kuna neno si lake, aseme pale pale, kabla hakimu hajamtia hatiani. Tumwambie kwamba akiwa ndani ya makubaliano anaweza kujiondoa wakati wowote kabla korti haijayapokea, hata bila kutoa sababu. Na akihukumiwa katika korti ya hakimu, siku za kupeleka rufaa ni 14, si "tutaona mwezi ujao."

Tukichanga, tuchange pia kwa ajili ya bondi. Najua wengine wataguna. Lakini mtu aliyetoka kwa bondi anakaa mezani akiwa ameshiba, na anaweza kusema tatu wakati karatasi inasema arobaini.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Yoshua alituma wajumbe hemani wakati Akani alikuwa amekwisha kukiri? Ungefanya nini kama wangerudi mikono mitupu?

2. Yule mama alisema, "Mungu anajua ni tatu." Je, inatosha Mungu kujua? Ungemjibu nini kama angekuwa dada yako?

3. Katika kikundi chenu, nani ana mtu rumande sasa hivi? Kesi yake inatajwa lini, na nani atakwenda naye?